Suuza ya Shamis

Wanawake wauza maziwa wa soko la Garissa walipaka hina kucha zao zote, isipokuwa Maka, mkubwa wao. Yeye aliuacha ukucha wa dole gumba la kushoto ukiwa mweupe kama alivyozaliwa nao. Haikuwa kwa urembo. Madumu ya maziwa ya ngamia yaliposhushwa kutoka kwenye lori, Maka alidondosha tone moja juu ya ukucha ule, kisha akauinamisha mkono. Tone likitulia kama shanga, maziwa ni mazima. Likiteleza na kuacha mchirizi hadi kwenye kiganja, basi pana mtu aliyetia maji, na mtu huyo alirudi kwake amefunika uso.

Shamis hakupimwa. Alikuwa amepimwa miaka ya mwanzo, hata Maka akachoka, akasema ni kupoteza matone bure. Watu wa ofisini waliotoka bara, ambao hawakuweza kumtofautisha mama mmoja na mwingine pale kibandani, walielekezwa na wenzao wamtafute yule mwembamba mwenye mtandio wa buluu, anayekaa mwisho wa benchi, asiyeita wateja. Maziwa yake hayakuwa na maneno. Naye alipenda kukaa pale mwisho, kimya, akijua kwamba jina lake linamwitia watu.

Mumewe, Yahye, alikuwa dereva wa malori ya mifugo, mtu wa kuonekana siku za Idi. Mwanawe, Najib, alikuwa amemfuata baba yake barabarani tangu ndevu zilipoanza kuchungulia. Aliyebaki naye siku zote katika nyumba yao ya mtaa wa Iftin ni Raho, msichana wa miaka kumi na saba, na Raho hakuwa wa tumbo lake.

Mama yake Raho alikuwa jirani, Ugbad. Alifariki akijifungua wakati Najib bado ananyonya, na siku ileile Shamis akamchukua yule mchanga, akamweka upande wa pili wa kifua. Kidini akawa mwanawe wa kunyonya, dada yake Najib, na hakuna wa kulitengua hilo. Lakini baba yake Raho alikuwa Ogle wa Hulugho, na jina la Ogle lilijulikana hadi Wajir. Huyu Ogle aliwahi kumuuza ngamia mmoja kwa watu wawili katika mnada mmoja, akanywa chai na wote wawili, kisha akaondoka na ngamia. Alipofia gerezani, watu walimwombea dua huku wamebana mifuko yao.

Kule watu huamini kwamba maziwa hubeba tabia. Mwanamke mchoyo au mkali haombwi kumnyonyesha mtoto wa mwenzake. Kwa hiyo Raho alipoanza kutambaa katikati ya madumu, akina mama wa kibanda walipata jambo la kujadili kila lori lilipochelewa.

"Huyu ana vitu viwili ndani yake," alisema Timiro, jirani wa Shamis kwenye benchi, mwenye mdomo usiojua Ijumaa. "Damu ya mwizi na maziwa ya mwaminifu. Abaayo Shamis, dada yangu, tutakaa hapa hapa tuone kipi kitashinda."

"Maziwa yatatoka na mkojo," mwingine akajibu. "Damu ndiyo inayobaki."

Wakacheka. Shamis alicheka pia, ncha ya mtandio mdomoni.

Hakumchukia mtoto. Alimpenda, lakini alimpenda huku akimchungulia. Sukari ikipungua koponi, mikono ya kwanza kunuswa ilikuwa ya Raho, hata kama midomo ya Najib ilikuwa inang'aa. Msichana akazoea. Kila alipotoka chumba cha akiba alinyoosha viganja vyake kabla hajaulizwa, kama mtu anayeomba dua, kisha akaendelea na kazi. Wageni walifikiri ni adabu za nyumba ile.

Mengine yote aliyachukua kwa Shamis. Alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio akicheka. Alitembea upesi, bega la kulia likitangulia. Shamis akamfundisha kazi ya maziwa tangu mwanzo hadi mwisho: kufukiza vyombo kwa moshi wa kuni zenye harufu tamu, kulitambua dumu lililopigwa na jua kwa kunusa kifuniko chake, kusuuza ili kisipotee kitu. Mwaka ule wa tisini na sita mvua ikakataa, maziwa yakawa haba, na Shamis akaangushwa na malaria. Kwa mara ya kwanza Raho akaenda kukaa peke yake mwisho wa benchi.

Yaliyotokea huko Shamis aliyasikia baadaye kutoka vinywa vitatu, na vyote vilikubaliana.

Barre, mwenye hoteli ya chai mkabala na kibanda, alimpelekea karani mmoja wa bara kikombe chake cha asubuhi. Karani akakitazama, akakizungusha, akakiweka chini.

"Barre, hii ni chai ama ni maji ya kuoshea vikombe?"

"Bole, bwana karani, samahani. Chai yangu haina makosa. Majani ni ile ile, sukari ni ile ile. Kosa ni ya maziwa."

"Na maziwa ni ya nani?"

"Ya Shamis," Barre akasema, na jina lile likamshangaza yeye mwenyewe alipolisikia.

Akavuka barabara na sufuria mkononi. Hakupiga kelele, alimwita Maka pembeni kwa heshima. Lakini Timiro aliyaona mabega ya Maka yakishuka, akaamka, na Timiro akiamka kibanda kizima huamka. Maka akaenda hadi mwisho wa benchi, akamwambia Raho afungue chombo. Tone likateleza. Akarudia. La pili lilikimbia kuliko la kwanza.

"Naa, Raho," Maka akasema. "Umetia maji."

"Sijatia, eeddo," Raho akasema, akimwita shangazi kwa heshima.

"Basi ukucha wangu ndio mwongo?"

Raho alinyoosha viganja vyake. Na pale sokoni, mbele ya watu waliomkumbuka baba yake, kitendo kile kilionekana kama cha mtu aliyekamatwa.

Wakamleta nyumbani. Shamis alikuwa kwenye mkeka, homa imemshuka, blanketi begani. Maka alizungumza kwa sauti ya chini, kama anayeleta habari za msiba. Alipofika kwenye tone lililoteleza, Shamis hakungoja amalize.

"Damu," alisema.

Neno lilimtoka kabla hajaketi vizuri. Lilitoka kwa wepesi, tena kwa nafuu fulani, kama vile alikuwa amemngoja mgeni miaka yote hiyo na sasa mgeni amebisha hodi. "Mimi nilimlea kwa haki, mnajua wenyewe. Hakuna alichokiona kwangu. Hili amezaliwa nalo."

"Nani anakulaumu?" Timiro akasema. "Ulimpa titi, ukampa kitanda. Ungempa nini tena, figo?"

Maka alikuwa ameshaamua njiani. Kibanda hakiwezi kukaa na mtu wa maji. Wateja wakimkimbia mmoja wamewakimbia wote. Raho ana baba yake mdogo, Olow, kule Hulugho. Alhamisi kuna lori. Apande, arudi kwa watu wake.

"Olow hajawahi kumwona," mama mmoja akasema.

"Atamjua. Si damu yake?"

Raho alisimama mlangoni muda wote huo, akisikiliza anavyogawanywa kama mbuzi aliyepotea zizini mwa watu. Hakulia. Akina mama walipoondoka alipika chai, akamletea Shamis, akakaa chini karibu na mkeka.

"Hooyo, mama yangu, nilikosea wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nilifanya vyote kama kawaida. Nilifukiza, nikachuja. Maziwa yalipokaribia kwisha nikasuuza. Labda nilisuuza mara moja zaidi, maana mke wa mwalimu alikuja na chombo kikubwa, nikaona haya kumwambia hayatoshi. Lakini maji sikutia. Wallahi sikutia."

Shamis alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ulisuuza vipi?"

"Unavyosuuza wewe. Kopo kwa dumu. Halafu nikafukiza tena chombo, ili yawe mazito mdomoni."

Mwaka wa ukame mkubwa, themanini na nne, mifugo ilipokuwa ikianguka kando ya barabara, madumu yalifika yakiwa nusu. Yahye hakujulikana aliko, na ndani kulikuwa na watoto wawili. Siku moja Shamis alitia kopo la maji ndani ya dumu tupu, akalitikisa, na yale maji meupe yaliyotoka akayarudisha kwenye chombo cha kuuzia. Maziwa yaliyoganda kwenye kuta za dumu ni maziwa pia. Ilikuwa suuza tu. Nani angeiita maji, na hali ni nyeupe? Baada ya muda akawa anasuuza dumu kabla halijaisha. Baada ya muda zaidi akawa anasuuza dumu lisilohitaji kusuuzwa. Mvua zikarudi, ngamia wakanenepa, suuza ikabaki. Maka alipima maziwa yaliposhuka kwenye lori. Suuza ilikuja baadaye. Na ule moshi wa mara ya pili, unaoudanganya ulimi uonje moshi pale ulipotakiwa kuonja mafuta, Shamis aliubuni mwenyewe, hakuna aliyemfundisha.

Aliyekimbia na kopo alikuwa Raho. Alikuwa mdogo kiasi kwamba kopo alilibeba kwa kulikumbatia. "Raho, lete suuza!" Naye alileta, bila kumwaga tone, akasifiwa. Najib alinyonya titi lilelile, lakini hakuwahi kulishika kopo lile, kwani kazi ya maziwa si ya wavulana. Na Najib akivunja taa ya lori alikuwa wa kwanza kumwambia baba yake. Katika nyumba ile neno maji halikuwahi kutajwa kwa jambo hili hata siku moja. Ndiyo maana Shamis aliweza kusema mbele ya Maka, mkono kifuani, kwamba hajawahi kutia maji, na moyo wake usimpige.

Sasa ulimpiga.

"Basi labda wanasema kweli," Raho akasema polepole, akiangalia miguu yake. "Mimi sikujua kama ninaiba. Pengine damu ndivyo ilivyo. Haikuambii."

Hapo ndipo pa kusema. Shamis alifungua mdomo. Kichwani alimwona Maka akiuangalia ukucha wake, akawaona makarani wakiambiana, akaliona benchi.

"Chai imepoa," alisema.

Raho akachukua kikombe, akaenda kukipasha moto.

Kesho yake Shamis alijikokota hadi sokoni. Alikuwa ametunga maneno njiani, maneno ya katikati, ambayo yangemwokoa msichana bila kummaliza yeye. Alimkuta Maka akipanga vifuniko.

"Mwache tu, abaayo. Mimi ndiye niliyemtuma akiwa hajakomaa. Huenda alichanganya vyombo. Huenda dumu lilikuwa na maji ndani kutoka nyumbani."

Maka akamshika mkono. "Moyo wako ni mweupe mno, Shamis. Usimfunike mtoto wa Ogle. Uliyomtendea yanatosha."

"Mnamwona huyu mama?" Timiro alimwambia mteja aliyekuwa akingoja. "Binti wa mwizi kamwaibisha, naye amekuja na homa yake kumwombea! Wako wangapi?"

Mteja akatikisa kichwa kwa heshima. Wengine wakamsogezea nafasi akae, mmoja akampa maziwa ya bure ya kurudishia nguvu. Shamis aliyanywa, kwa kuwa hakujua ayakatae vipi, akarudi Iftin ameinamisha uso. Waliokutana naye njiani walimpa pole kwa mtoto mbaya. Kila pole aliijibu.

Alijaribu kujituliza. Hulugho si porini. Kuna watu, kuna mifugo, Olow atamlisha, atamwoza. Lakini alijua jinsi ya kuishi na mtoto wa mwizi. Alijua sukari inavyoangaliwa. Huko wangemwangalia kuliko alivyomwangalia yeye, tena bila kumpenda.

Alipoingia uani, Raho alikuwa amefunga mzigo wake, kitambaa kimoja tu, kidogo. Alipomwona Shamis akaufungua upesi, akatandaza vyote chini: gauni, kitana, sandali, mtandio wa zamani.

"Angalia, Hooyo," alisema. "Sijachukua kitu chako."

Shamis aliangalia. Hakuweza kutoangalia, macho yake yalipita juu ya kila kimoja, yakahesabu, kama yalivyozoea. Kisha akaingia ndani, akajilaza akiuelekea ukuta.

Alhamisi lori la Hulugho lilikuwa likipakia magunia karibu na kibanda. Raho alisimama na mzigo wake kivulini. Shamis hakwenda kumuaga. Alikwenda mwisho wa benchi, akapokea dumu lake kama siku nyingine yoyote, akamwaga maziwa kwenye chombo cha kuuzia.

"Maka," akaita. "Njoo unipime."

"Nikupime wewe? Homa imerudi?"

"Nipime."

Maka akaja, akicheka kidogo. Tone likakaa juu ya ukucha, zima, halitikisiki.

"Haya, umeridhika?"

Shamis akageuka kuelekea kivulini. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya nyumbani, ya kila siku. "Raho! Lete suuza!"

Na Raho, ambaye mzigo wake ulikuwa mkononi, aliuangusha, akachota kopo la maji kwenye ndoo na kulileta mbio bila kumwaga tone. Hakuuliza. Miguu yake ndiyo iliyosikia. Shamis akalipokea, akalimimina ndani ya dumu ambalo bado lilikuwa na maziwa, akatikisa, akarudisha chomboni. Mikono ilifanya kazi yenyewe, nyepesi, kama ya mtu anayesuka ukindu.

"Pima tena," Shamis akasema.

Tone likateleza hadi kiganjani.

"Hiyo ndiyo damu ya Ogle," alisema. "Ninafanya hivi tangu mwaka wa ukame. Huyu mtoto nilimchukua akiwa hajafungua macho. Ogle hakuwahi hata kumbeba. Anachokijua anakijua kwangu, na mimi sikumwambia kwamba jina lake ni kutia maji."

Kule ng'ambo Barre alikuwa amesimama na chujio hewani. Mama mmoja alikifunika chombo chake taratibu. Mwingine akasogeza kopo lake nyuma ya mguu. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Kumbe maziwa ndiyo yameshinda," Timiro akasema. Na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Maka alijifuta ukucha kwa pindo la nguo, akaendelea kuufuta hata ulipokwisha kukauka. "Astaghfirullah," alisema. "Na mimi niliyesema ni kupoteza matone." Hakumwangalia Shamis usoni. "Ondoka kwenye benchi."

Shamis akaondoka.

"Wewe," Maka akamwambia Raho. "Kaa."

"Mimi, eeddo?"

"Wewe. Nitakupima kila siku mpaka nichoke. Na sitachoka."

Shamis alirudi Iftin peke yake, amejifunika mtandio usoni hadi kwenye nyusi, na habari ilikuwa imemtangulia. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia kama kawaida, ila salamu zilikuwa fupi, wala hakuna aliyeulizia homa yake. Yahye aliporudi kwa Idi alikuta watu wameshamwambia. Alikula, akasali, hakulitaja, na kutotaja kwake kulikuwa kurefu kuliko ugomvi.

Tangu hapo Raho ndiye aliyeenda sokoni, na Shamis akabaki na kazi ya kuandaa vyombo. Msichana hakumrushia neno. Alimwita Hooyo kama zamani, alimpikia, alimwamkia. Lakini alipotoka chumba cha akiba hakunyoosha tena viganja. Alipita moja kwa moja, na Shamis ndiye aliyejikuta akiinamisha macho.

Mchana mmoja Raho alirudi na madumu matupu, akachuchumaa uani kuyaosha. Shamis alikuwa ameketi kando yake na kopo, akimsaidia kuchota. Raho akatia maji ndani ya dumu la kwanza, akatikisa, bega la kulia mbele, akaliinamisha juu ya shina la mwarobaini. Maji yakafika mdomoni mwa dumu, meupe.

Hayakumwagika. Raho alikuwa amelizuia dumu, anangoja. Shamis akatazama kwa nini anangoja, akaona mkono wake mwenyewe umenyooka chini ya mdomo wa dumu, na kopo limekingwa tayari.

"Hooyo," Raho akasema kwa upole. "Mkono."

Shamis akauvuta mkono, akaukalia. Raho akamwaga.